Kombi Ilivyokataa Kupita Chepilat

Hakuna mtu Kedowa aliyewahi kumwambia Johana Kimeli ana kwa ana kwamba anamwogopa. Thubutu! Watu wa Kedowa ni Wakristo, wana adabu zao, na Jumapili kanisani Johana alipewa mkono kama kila mtu. Ila ulikuwa mkono wa haraka haraka, na aliyeutoa alijipangusa kwenye sketi au suruali kabla ya kumsalimia mtu wa pili. Johana aliona. Akajifanya haoni, maana angefanya nini, agombane na watu kwa sababu ya kujipangusa?

Kisa kilikuwa kazi yake. Miaka kumi na tisa alikuwa akisafirisha maiti, na wala si maiti wa kwao. Kwa Wakipsigis wa zamani maiti hakuwa kitu cha kuchezea, na wa siku hizi, pamoja na Biblia yote waliyoisoma, bado wanapenda ashughulikiwe na mtu mwingine, halafu huyo mtu mwingine akae kando kidogo. Johana aliwabeba watu wa ziwani, wale waliokuja kuchuma chai na kufanya kazi viwandani, wakazaa, wakazeeka huku Kericho, lakini wakifa ni lazima warudishwe wakazikwe kwenye boma la baba zao. Gari lake lilikuwa Kombi ya mwaka wa sitini na tisa, nyeupe juu na samawati chini, ambayo misheni fulani iliiachilia ilipopata gari jipya. Viti vya katikati aliving'oa, akaacha benchi moja ubavuni kwa ajili ya jamaa wa marehemu.

Kwenda, hiyo Kombi ilijaa. Nyimbo, vilio, sala, mama mmoja akipiga simu kuuliza kama ng'ombe ameshachinjwa. Kurudi, ni Johana na injini. Hata mvua ikinyesha na mtu amesimama kando ya barabara na mzigo kichwani, Johana akisimama ampe lifti ataambiwa, "Asante mzee, karibu nafika," na kumbe huyo mtu anakwenda kilomita nane. Mkewe Fancy naye alikwenda Eldoret kumsaidia binti yao Chepkemboi na mtoto mchanga. Huyo mtoto mchanga sasa yuko gredi ya kwanza, anavaa viatu vyake mwenyewe, na bado anasaidiwa. Johana hakuwahi kuuliza. Alipika peke yake, akala peke yake, akabishana na redio kuhusu bei ya majani chai, na redio haikumjibu hata siku moja.

Basi mwezi wa tatu akafariki Obonyo Atuti, mtu wa boila katika kiwanda kimoja cha chai. Kifua kilimbana asubuhi, saa sita hakuwepo. Wiki iliyofuata ndugu yake Gordon akampigia Johana simu: Ijumaa tunamtoa mochari Kericho, tunapitia Sotik na Kisii mpaka nyumbani, mbele ya Oyugis. Johana akasema sawa. Jumanne, akiwa anaosha Kombi, akaona gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, linavuja mafuta ya breki mpaka kwenye rimu.

Sasa, breki za nyuma za Kombi kama ile zimo ndani ya dramu, kile chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna shuu mbili, vipande viwili vilivyopinda, na katikati yao silinda ndogo inayozisukuma nje zikabane dramu. Kitu kimoja tu ndicho cha kukumbuka: kushoto na kulia lazima zifanane. Upana wa shuu, unene wa silinda, springi, kila kitu. Zisipofanana, upande mmoja unashika kabla ya mwingine, na gari linakuvuta linakotaka lenyewe. Johana alilijua hilo vizuri. Alikuwa fundi wa gereji ya shamba la chai kabla ya kuwa dereva wa maiti, na alishawatukana mafundi wengi kwa kosa hilo hilo.

Lakini vipuri vya Kombi za umri ule huvikuti dukani. Unavitafuta kwenye Kombi zilizokufa. Jumatano akapanda gari hadi Mulot, kwa mzee mmoja aitwaye Makori, ambaye alikuwa na Kombi isiyo na injini anayofugia kuku. Johana akalala chini ya kuku, akafungua breki nzima ya kushoto: dramu, shuu, silinda na bati lake la nyuma. Alipogusa ya kulia, kutu ilikuwa imeishika hata nyundo haikuitikisa. Jua lilikuwa linakwenda, Makori anataka kufungia kuku wake, na gari la mwisho la Bomet halimngoji mtu. Akaiacha.

Kufika Kedowa akazipima. Shuu za Mulot zilikuwa pana kuliko zake, karibu upana wa kidole kidogo. Ile Kombi ya kuku ilikuwa ya mwaka wa sabini na tatu, na katikati hapo waliozitengeneza walikuwa wamebadilisha breki. Kebo ya handibreki nayo ikawa fupi kwa breki ya sasa, ikabidi aivute kwa nguvu ndipo ifike. Na kebo iliyovutwa hivyo haiziachi shuu zirudi nyuma vizuri. Zinaendelea kusugua dramu kidogo kidogo, na chuma kikisuguliwa kinapata moto. Yote haya aliyajua. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa, maiti hasubiri, akajiambia neno ambalo fundi mwingine angelisema mbele yake angepata kofi: "Itanifikisha."

Ijumaa wakatoka Kericho saa tatu asubuhi. Mbele alikaa Gordon. Nyuma, kwenye benchi, alikaa Loice, mke wa marehemu, pamoja na shangazi mmoja mzee na wanawake wengine wawili. Kapkatet walipita vizuri. Sotik, Johana akasikia harufu ya kuungua. Wanawake walikuwa wanaimba, hakuna aliyeonekana kuisikia ila yeye. Kila alipogusa breki, Kombi ikavuta kushoto, naye akairudisha. Alikuwa anatafuta mahali pa kusimama apoze gurudumu, na wakaingia soko la Chepilat. Ng'ombe akakatiza barabara. Johana akakanyaga breki, Kombi ikajipinda kushoto, ikatoka kwenye lami, ikasimama. Akatia gia. Haikwenda. Akaongeza mafuta. Injini ikalia, gari likatikisika, na bado haikwenda. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekamatwa kabisa.

Akashuka, akalitemea mate lile dramu. Mate yakachemka. Nusu saa, akajiambia, likipoa litaachia. Akainuka kwenda kumweleza Gordon hivyo, lakini kabla hajafungua mdomo yule shangazi alikuwa ameshasema.

"Amekataa."

Nyimbo zikakatika papo hapo. Kwa wale watu hilo neno halina mchezo. Marehemu anaweza kukataa kupita mahali ikiwa ana jambo hapo hakulimaliza, na akikataa amekataa, hata ulete trekta. Gordon alivua kofia. Akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaongea na jeneza kwa heshima zote: "Ndugu yangu, tumekukosea nini? Kama ni sisi, tuonyeshe. Tunakupeleka kwa mama yako." Wanawake wakashuka wakaanza kuomba. Na Johana, macho ya wote yakiwa kwenye jeneza, akaingia chini ya gari na spana akailegeza kebo, kimya kimya, kama mwizi.

Kombi ilikuwa imesimama mbele ya kibanda cha ndizi. Mwenye kibanda, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye aproni ya buluu, alikuwa amesimama muda huo wote na kichane cha ndizi mkononi, ameikodolea macho picha ya marehemu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Akaweka ndizi chini polepole. Akaruka mtaro.

"Huyu ni Obonyo?" akauliza.

Gordon akageuka kumtazama.

"Siku tisa napiga simu," akasema. "Siku tisa naambiwa mteja hapatikani. Nikasema labda amechoka na mimi."

Jina lake lilikuwa Marcella Arasa. Kwa miaka kumi na mmoja Obonyo alikuwa akimaliza zamu zake kiwandani anashuka Chepilat, anakula, analala, anarudi kazini, na watu wa kwao hawakujua, au waliojua walinyamaza. Marcella hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye kioo cha nyuma, akaongea kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake. "Umenisimamia," akasema. "Mbele ya watu wote hawa umenisimamia. Asante, baba. Sasa nenda nyumbani, watu wako wanakungoja."

Gordon akamwashiria Johana ajaribu. Nusu saa ilikuwa imepita, pengine na zaidi. Johana akaingia, akatia gia, akaachilia klachi. Kombi ikaenda.

We! Yowe lililopigwa pale lilisimamisha soko zima. Shangazi akalia, Gordon akalia, akamshika Marcella mkono akamwambia, "Ingia, shemeji." Mtu mmoja tu hakulia. Loice alirudi kwenye benchi, akashika ukingo wa jeneza, akatazama mbele, na ule uso wake Johana aliuona kwenye kioo cha ndani kutoka Chepilat mpaka nyumbani. Alitaka kusema. Kweli alitaka, neno "breki" lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini alipogeuka alimwona Marcella, aproni bado ina utomvu wa ndizi, ameketi katikati ya watu wa mumewe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akalimeza lile neno.

Obonyo akazikwa kesho yake. Marcella alipewa udongo wa kurusha, baada ya Loice.

Saa ya kurudi, Johana alikuwa ameshawasha injini pale nje ya boma, benchi tupu nyuma yake, mlango wa mbele ukafunguliwa. "Unapitia Chepilat, si ndiyo?" Marcella akasema. "Nataka nifunge kibanda, nichukue nguo, nirudi matangani." Akapanda, akabamiza mlango, akakaa. Hivyo tu. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyekikalia kiti kile wakati wa kurudi.

Walipofika Oyugis, Marcella alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akampa Johana moja. Vidole vyake vikagusa vya Johana, na hakujipangusa. Akaongea njia nzima, akacheka, akalia, akamuuliza jina lake, akamuuliza kama haogopi kurudi peke yake kila mara. "Nimezoea," Johana akajibu, na huo ulikuwa uongo mtupu. Walipopita Kisii akalala, kichwa kwenye kioo. Johana akaendesha polepole hata pikipiki zikampita zikimpigia honi, na kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza angesingizia breki. Hakutaka Chepilat ifike. Tuliseme lilivyo: mzee wa miaka sitini na tatu, mwenye mke Eldoret, hakutaka Chepilat ifike.

"Ukipita hapa, piga honi," Marcella akamwambia akishuka.

Alipita mara tatu kabla ya Pasaka, akapiga honi mara tatu, na mara zote tatu Marcella, ambaye siku hizo alikuwa anakwenda matangani na kurudi, alitoka kibandani akampa ndizi dirishani na maneno mawili matatu. Habari ya Kedowa? Umekula? Usiendeshe sana. Johana alikuwa akifika nyumbani na hizo ndizi, anakula moja moja, hana haraka. Mara ya nne kibanda kilikuwa kimepigwa misumari. Muuza viazi wa jirani akamwambia, "Marcella? Amehamia kwa mumewe, wamemjengea nyumba. Wale watu wanaheshimu marehemu, si ulisikia alisimama hapa hapa?"

"Nilisikia," Johana akasema.

Tangu siku ile hakuwa na raha. Akishika sufuria, akishika Biblia, wazo ni moja: Marcella akijua ilikuwa breki, atarudi Chepilat. Alijua ni wazo baya. Akalivalisha nguo nzuri: ukweli ni ukweli, Marcella ni mtu mzima, ana haki ya kujua kwamba kilichosimama pale ni chuma kilichopata moto, si mtu wake. Lakini chini ya hizo nguo alijua kuna nini. Alitaka kupiga honi na mtu atoke. Basi, hakuwa na kingine. Mtu anaweza kufika umri ule, na nyumba na shamba la chai na ng'ombe wawili, akawa hana kingine cha kutaka ila hicho, na ni kitu kidogo kiasi kwamba ukikitaja unachekwa.

Mwishowe akaamua. Jumamosi atakwenda mpaka kule mbele ya Oyugis, amwite Marcella kando, amwambie yote, na jibu lolote atakalopewa atalipokea. Lakini hakuwa tayari kwenda na Kombi ikiwa bado inavuta kushoto. Akarudi Mulot. Safari hii aliikalia ile breki ya kulia siku mbili nzima, akiimwagia dizeli, akiigonga kuizunguka, akiipasha moto, akiigonga tena, kuku wakimtazama, mpaka kutu ikasalimu amri.

Alhamisi asubuhi Kombi ilikuwa juu ya jeki na mawe, magurudumu yote mawili ya nyuma yametolewa. Johana akatandika gunia kwenye nyasi, akapanga vipuri: shuu kwa shuu, silinda kwa silinda, springi kwa springi. Vya Mulot kushoto, vya Mulot kulia. Vile vyembamba vya zamani, alivyovitoa upande wa kulia, akavisogeza pembeni. Alipima zile pana, zikalingana. Akazipima tena, kwa sababu mara ya kwanza ilimfurahisha. Ndipo pikipiki ikasimama langoni, akashuka mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani.

Alikuwa Loice.

"Hodi, mzee."

"Karibu, mama. Karibu sana. Pole na safari." Johana akakimbia kuleta kigoda, akaleta chai, akaleta sukari, akasahau kijiko. Loice alikishika kikombe bila kunywa. Alikuwa akiangalia gunia.

"Mimi sijakuja kugombana," akasema. "Nimebadilisha gari mara nne kufika hapa. Nauliza kitu kimoja tu, halafu niende. Ile siku, pale Chepilat. Ilikuwa nini?"

Johana akaliangalia gunia naye.

"Usinifiche. Baba yangu aliendesha lori ya miwa, hiyo harufu ya breki kuungua naijua tangu nikiwa mtoto. Niliisikia tukiwa Sotik. Lakini ningesema nini? Wangesema ni wivu. Miezi miwili sasa, mzee, sijui nimlilie vipi huyu mtu. Miaka ishirini na sita nilimngojea. Alikuwa anakuja Desemba, Januari ameenda. Nikajiambia, sawa, siku moja atakuja asirudi tena. Sasa hiyo siku ikafika, yuko ndani ya sanduku, na bado anasimama kwa mwingine kwanza. Kwani mimi nilikuwa nani?"

Jamani. Johana alikuwa amewabeba wajane wengi, alishasikia vilio vya kila namna, lakini swali kama hilo hakuwahi kuulizwa akiwa amekaa kwenye nyasi na mikono yenye grisi. Akachukua shuu mbili kutoka kwenye gunia, pana na nyembamba, akamwekea Loice moja kila mkono.

"Hii pana ilikuwa kushoto," akasema. "Hii nyembamba ilikuwa kulia. Lazima zifanane, na hazikufanana. Nilijua, nikafunga hivyo hivyo kwa sababu ya haraka. Ikapata moto, ikakamata gurudumu. Ilipopoa, ikaachia. Marehemu hakukataa kitu, mama. Alikuwa anakuja kwako moja kwa moja. Mimi ndiye nilimsimamisha. Nisamehe."

Loice akazipima zile shuu mikononi, hii na hii, mara kadhaa. Halafu akaanza kulia, na alilia kwa nguvu, mabega yote yakitikisika, kilio ambacho alipaswa kukilia mwezi wa tatu. Johana akageuza uso kuangalia shamba lake la chai, ile mistari ya kijani inayoteremka mpaka mtoni, kwa sababu hakujua mtu aangalie wapi. Na hapo, Mungu amsamehe, moyo wake ulikuwa unapiga hesabu. Leo ni Alhamisi. Loice atafika nyumbani, atasema, Gordon ataita kikao, na kabla ya Jumatatu Marcella atakuwa Chepilat anang'oa misumari kwenye kibanda. Wala hatahitaji kumwambia yeye mwenyewe. Moyo ukaruka kwa furaha, na akauonea aibu, na ukaendelea kuruka.

Loice akapangusa uso na ncha ya kitambaa. Akanywa chai yote kwa mara moja, ingawa ilikuwa imepoa.

"Asante," akasema. "Sasa sikia. Usimwambie."

"Nani?"

"Marcella. Na mtu mwingine yeyote. Gordon akijua, atamfukuza siku hiyo hiyo. Atasema alituingilia kwa uongo."

"Lakini mama, si wewe ndiye..." Johana akakwama. "Nilidhani unataka aondoke."

"Hata mimi nilidhani." Loice akacheka kidogo, bila sauti. "Alipokuja nilikuwa simsalimii. Nilimwacha apike kwake, mimi kwangu. Watoto wangu wote wako Nairobi, mzee. Ile boma usiku unasikia panya akitembea. Siku moja nikamsikia anaimba, wimbo ambao Obonyo alikuwa anaimba akioga. Nikaenda kumwambia anyamaze. Nikakaa mpaka chakula kikaungua. Huyo mwanamke anajua vitu! Mimi nilikuwa na mume wa Desemba. Yeye ana mume wa Aprili, wa Julai, akiwa na homa, akiwa amekasirika na supavaiza. Ananipa kidogo kidogo. Na mimi nampa Obonyo kijana, yule hakuwahi kumwona. Tunakula pamoja siku hizi. Sasa unataka nirudi kwa panya?"

Johana alikuwa ameshika springi ndogo, akiivuta na kuiachia.

"Na yeye kitu alicho nacho ni hicho kimoja," Loice akaendelea. "Kila jioni lazima akiseme. Alinisimamia. Mbele ya watu alinisimamia. Mimi nilikuwa nachukia kusikia. Sasa nitaweza kusikiliza, kwa sababu najua. Inatosha nijue mimi. Niahidi, mzee."

Hapo ndipo Johana angeweza kusema hapana. Jumamosi ilikuwa yake, ukweli ulikuwa wake, kosa lilikuwa lake, na hakuna sheria ya kumzuia mtu kuungama kosa lake mwenyewe. Alifikiria nyumba mbili zilizotazamana kule mbele ya Oyugis, moshi unatoka jiko moja. Akaufikiria na mlango wake mwenyewe, usiopigwa hodi na mtu. Alitamani, jinsi mtu anavyotamani maji, kusema hapana.

"Nimeahidi," akasema.

Loice akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Au ulikuwa umepanga kumwambia?"

"Mimi? Hapana, mama. Nimwambie ya nini?"

Akamsindikiza mpaka langoni, pikipiki ilikokuwa inangoja. Loice alikuwa ameshapanda, amejifunga vizuri kitambaa chake, alipomshika dereva bega amngoje kidogo.

"Karibu nisahau. Marcella anakusalimia. Nilimdanganya nakuja Kericho kwa mambo ya pensheni ya marehemu, akasema nikikutana na wewe mjini nikusalimie. Jina lako hakulishika. Alisema tu yule mzee wa gari ya maiti, alinileta polepole, Mungu ambariki."

"Mwambie nimezipokea," Johana akasema.

Pikipiki ikateremka, ikapinda kwenye kona, mlio wake ukaisha. Johana akarudi kwenye gunia. Akafunga breki ya kulia, akafunga ya kushoto, akaweka kebo ndefu inayofaa, aliyoing'oa Mulot, na kazi ilikuwa safi, hakuna fundi ambaye angeitia dosari. Akaendesha hadi barabarani, akakanyaga breki, na Kombi ikasimama pale pale, imenyooka. Nyumbani, shati jeupe la Jumamosi lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alilitoa, akalikunja, akalirudisha sandukuni chini ya mengine. Halafu akaketi kitandani, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia, akalitamka jina lake mwenyewe kwa sauti, lote, Johana arap Kimeli, mara mbili.